Visindano vya usoni: Kwa nini milimita moja inatenganisha rola ya nyumbani na tiba ya kliniki

Kina mpini wa plastiki na gurudumu dogo, kinaenea kiganjani, na kwa mbali unaweza kudhani ni rola ya kupakia rangi ukutani iliyosinyaa. Ukikisogeza karibu ndipo unaziona sindano. Rola nyingi zinazouzwa mtandaoni zina sindano 540. Muuzaji anakwambia uipitishe usoni, upake seramu, kisha makovu ya chunusi, vishimo na mikunjo vitaondoka vyenyewe.

Tiba yenyewe ipo kweli. Inaitwa maikronidlingi, yaani kuitoboa ngozi vitundu vingi vidogo ili ijitengeneze upya, na madaktari wa ngozi wanaitumia katika nchi nyingi. Shida ni kwamba kinachofanyika kliniki na kinachofanyika mbele ya kioo cha bafuni ni vitu viwili tofauti vinavyouzwa kwa jina moja.

Inafanyaje kazi?

Ngozi ikitobolewa, mwili unachukulia kwamba umejeruhiwa. Kwanza pale panakuwa pekundu na kuvimba kidogo. Kisha chembe hai za ngozi zinaanza kutengeneza kolajeni, ile protini inayoifanya ngozi iwe imara na isilegee. Kolajeni ya mwanzo ni ya muda tu; katika miezi inayofuata mwili unaibadilisha polepole na kuweka iliyo ngumu zaidi.

Ndiyo maana matokeo hayaonekani wikiendi ijayo. Kwa kawaida mtu hufanyiwa mara tatu hadi sita, zikipishana kwa wiki nne hivi, na mabadiliko huendelea kujitokeza hadi miezi mitatu au sita baada ya hapo.

Inasaidia zaidi makovu ya chunusi, hasa vile vishimo vipana vinavyoufanya uso uonekane kama una mawimbi. Vishimo vyembamba na virefu, kama vilivyotobolewa na msumari, ni vigumu zaidi na mara nyingi vinahitaji tiba nyingine. Hata pale inapofanya kazi vizuri, kovu hupungua, halifutiki. Na haitibu chunusi zenyewe. Mtu mwenye chunusi mbichi akipitisha rola usoni anasambaza bakteria kutoka kipele kimoja kwenda kingine.

Ilianzia wapi?

Wengi wanadhani ni kitu cha Korea au cha TikTok. Sehemu kubwa ya historia yake iko Afrika. Katika miaka ya 1990, Desmond Fernandes, daktari wa upasuaji wa kurekebisha maumbile huko Cape Town, Afrika Kusini, alianza kutumia sindano kupunguza mikunjo ya juu ya mdomo, kisha akaendelea hadi kutengeneza rola yenye sindano nyingi.

Kipindi hichohicho, huko Montreal, Kanada, madaktari Camirand na Doucet walikuwa wanaficha makovu ya wagonjwa kwa kuyachora tatuu yenye rangi inayofanana na ngozi. Rangi ilipofifia, waliona makovu yenyewe yamekuwa nafuu. Wakajaribu kutumia mashine ya tatuu bila wino kabisa, na mwaka 1997 wakachapisha walichokiona. Kumbe kazi ilikuwa inafanywa na sindano.

Yote yako kwenye milimita

Hapa ndipo wanunuzi wengi wanapochanganya mambo. Ngozi ya juu kabisa ya uso ni nyembamba sana, kama sehemu moja ya kumi ya milimita. Kolajeni haiko hapo, iko kwenye tabaka la chini yake, lenye mishipa ya damu. Na sindano haiingii kwa urefu wake wote, kwa sababu ngozi hubonyea kwanza kabla ya kutoboka.

Rola za nyumbani huwa na sindano za milimita 0.2 hadi 0.3. Hizo zinakwaruza ngozi ya juu na kufanya seramu ipenye zaidi. Uso unaweza kung'aa siku mbili tatu, basi. Kliniki wanatumia kuanzia milimita 0.5, na kwa makovu wanaweza kufika 2 au hata 2.5, kutegemea sehemu ya uso. Shavu linavumilia kina ambacho paji la uso, lenye mfupa karibu, haliwezi.

Kwa hiyo rola iliyo salama kutumia nyumbani haiwezi kufanya kazi ya kliniki. Na rola inayoweza kufanya kazi hiyo haifai kuwa nyumbani. Ukiona mtandaoni rola ya milimita 1.5 inauzwa bei chee kwa yeyote mwenye simu, jua unauziwa kifaa cha kutoa damu bila mtu wa kukuangalia.

Marekani wameweka mstari huo wazi. Mamlaka ya Chakula na Dawa ya nchi hiyo, FDA, iliruhusu kifaa cha kwanza cha aina hii mwaka 2018. Ni kalamu ya umeme iitwayo SkinPen, iliyoruhusiwa kwa makovu ya chunusi usoni kwa watu wa miaka 22 na kuendelea, ikitumiwa na mtaalamu. FDA inasema haijaidhinisha kifaa chochote cha kitabibu cha aina hii kiuzwe moja kwa moja kwa mtumiaji wa nyumbani.

Kalamu ina faida moja ambayo rola haina: sindano zake zinashuka na kupanda wima. Sindano za rola zinaingia kwa mshazari na kutoka kwa mshazari, na mkono ukikandamiza sana zinachana ngozi. Kuna wagonjwa walioachiwa makovu ya vidoti vilivyojipanga kwa mstari mashavuni, alama kamili ya mahali rola ilipopita.

Ngozi nyeusi ina habari njema na mbaya

Habari njema ni kwamba tiba hii kwa kawaida ina hatari ndogo kwa ngozi nyeusi kuliko aina nyingi za leza. Mwanga wa leza unaweza kunyonywa na rangi ya ngozi na kuichoma. Sindano haijali rangi.

Habari mbaya ni mbili. Ya kwanza ni madoa. Ngozi nyeusi ikikasirika huacha weusi unaoweza kukaa miezi, na jua hufanya hali iwe mbaya zaidi. Anayetobolewa halafu akatembea juani bila losheni ya kukinga jua anaweza kujikuta amebadilisha kovu kwa doa.

Ya pili ni keloidi, yale makovu yanayovimba na kukua kupita jeraha lenyewe. Yanawapata zaidi watu wenye asili ya Afrika. Kama ulitoga sikio pakaota uvimbe, au una kovu la namna hiyo kifuani au begani, mwambie daktari kabla hajashika kifaa. Mara nyingi jibu litakuwa usifanye.

Kuna jambo jingine ambalo video za kigeni haziligusi, kwa sababu si tatizo la watazamaji wao: mkorogo. Krimu nyingi za kujichubua huchanganywa na steroidi, ambazo zikitumika muda mrefu huifanya ngozi iwe nyembamba na ichelewe kupona. Ngozi hiyo haipaswi kuguswa na sindano kabla daktari hajaiona. Wateja wengi huona aibu kusema wanatumia, na hapo ndipo madhara yanapoanzia.

Damu ni damu

Mwaka 2018, huko New Mexico, Marekani, mwanamke mmoja alikutwa na VVU bila kuwa na sababu yoyote ya kawaida ya kuambukizwa, isipokuwa alikuwa amefanyiwa huduma inayoitwa vampaya feshio. Mteja anatolewa damu, inazungushwa kwenye mashine kutenganisha sehemu yenye chembe sahani, kisha inarudishwa usoni kwake kwa visindano. Ilipata umaarufu baada ya Kim Kardashian kuweka picha yake akiwa na damu usoni mwaka 2013.

Wakaguzi walikuta saluni hiyo haina leseni. Mirija ya damu isiyo na majina ilikuwa juu ya kaunta ya jikoni, mingine kwenye friji pamoja na chakula. Ilifungwa mwaka huohuo. Ripoti ya kituo cha kudhibiti magonjwa cha Marekani, CDC, iliyotoka Aprili 2024 ilionyesha kwamba wateja watatu walielekea kuambukizwa hapo. Ilikuwa mara ya kwanza kuandikwa kwa maambukizi ya VVU yanayohusishwa na huduma ya urembo ya sindano.

Virusi vya homa ya ini aina ya B ni wasumbufu zaidi, kwani vinaweza kukaa nje ya mwili hadi siku saba vikiwa bado vinaambukiza. Kwa hiyo rola haiazimwi, hata na dada yako mliyezaliwa tumbo moja. Kuisuuza kwa maji ya moto au kuimwagia spiriti hakuifanyi iwe salama kwa mtu wa pili. Saluni yenye rola moja kwa wateja wote, ondoka.

Ukienda kliniki

Uliza anayekuhudumia ni nani kitaaluma. Sindano za kalamu zifunguliwe kwenye pakiti mbele yako na zitupwe baada yako. Uliza atatumia kina gani na kwa nini, na atapaka nini juu ya uso uliotobolewa. Swali hilo la mwisho ni zito kuliko linavyosikika. Mwaka 2014 madaktari waliripoti wanawake watatu waliopata vinundu usoni baada ya kupakwa seramu wakati wa tiba hii, wawili kati yao ikiwa ni ya vitamini C. Kitu kilichotengenezwa kukaa juu ya ngozi hakikutengenezwa kuingia ndani yake.

Siku hizi kuna pia mashine zinazounganisha sindano na joto la mawimbi ya redio. Hizo ni kitu kingine kabisa. Oktoba 2025 FDA ilitoa tahadhari baada ya kupokea taarifa za kuungua, makovu, kupotea kwa mafuta chini ya ngozi na madhara kwenye neva.

Baada ya tiba ya kawaida uso huwa mwekundu au wa moto kwa siku moja hadi tatu. Usipake vipodozi kwa saa 24, acha retinoli na asidi za uso kwa siku kadhaa, na jikinge na jua. Wenye ukurutu, malengelenge ya mdomoni yaliyo hai, kisukari kisichodhibitiwa, wajawazito, na wanaotumia dawa za kuzuia damu kuganda au vidonge vya isotretinoini waongee na daktari kwanza.

Na kama rola tayari unayo?

Angalia urefu wa sindano. Ikizidi milimita 0.3, usiitumie. Ikiwa ndani ya hapo, tumia kwenye ngozi safi isiyo na chunusi wala kidonda, usikandamize, usipake seramu kali juu yake, na itupe sindano zikianza kupinda au kuwa butu. Ikitoka damu, umezidisha.

Usaha, homa, maumivu yanayoongezeka badala ya kupungua, au vinundu visivyoondoka ni vya kupelekwa hospitali. Na kama umegundua sindano iliyokutoboa ilishatumika kwa mtu mwingine, nenda kituo cha afya siku hiyohiyo: dawa za PEP za kuzuia VVU zinatakiwa kuanza ndani ya saa 72, na mapema zaidi ni bora. Uliza pia kuhusu chanjo ya homa ya ini B.