Kunyonya, Chuku na Pamba ya Rufiji

Neno kunyonya, kwa asili yake, ni neno la huruma. Kwani maisha ya mwanadamu huanza kwa kinywa kushika ziwa la mama, na sheria ya Kiislamu, ifuatwayo na watu wengi wa Kibiti na delta ya Rufiji, imekufanya kunyonya huko kuwa kama nasaba, hata watoto wawili walionyonya kwa mama mmoja, wajapokuwa wamezaliwa matumbo mbalimbali, ni haramu kuoana.

Mwambao wetu ulikuwa na unyonyaji mwingine wa heri, nao ni wa mwumishi na chuku yake, pembe ya ng'ombe iliyotobolewa nchani. Huibandika juu ya ngozi iliyochanjwa kwa wembe, akaivuta hewa kwa kinywa, kisha, pasipo kuondoa midomo, akakiziba kitundu kwa nta aliyoiweka tayari kinywani. Pembe ikang'ata, nyama ikafura, na damu iliyodhaniwa kuwa mbovu ikajikusanya taratibu. Nami naona ni kufura huko kulikotupatia msemo wa kupiga chuku, yaani kulikuza jambo dogo.

Lakini Rufiji imekijua pia kinywa kisichoshiba. Tangu mwaka 1902 serikali ya Wajerumani, chini ya gavana von Götzen, ilianza kuwashurutisha watu wa pwani na kusini kulima mashamba ya pamba ya pamoja, maakida na majumbe wakisimamia. Na Mrufiji, ambaye riziki yake ni mpunga wa mafuriko na kilimo cha mlau maji yapunguapo, akaliacha dungu lake la kulindia shamba, na nguruwe wakala mpunga. Ndipo mganga Kinjikitile Ngwale akagawa huko Ngarambe maji ya dawa, yaliyosemwa kuwa kinga ya risasi za Wajerumani. Mwishoni mwa Julai 1905 Wamatumbi wakang'oa pamba Nandete, na vita vya Maji Maji vikaanza. Na tarehe 4 Agosti Kinjikitile akanyongwa Mohoro.

TANU ilipotangaza Azimio la Arusha mwaka 1967, unyonyaji ukawa ni mtu kuishi kwa jasho la mwenziwe, watu wakahimizana kukata mirija, na mvivu alaye vya wengine akaitwa kupe. Aliyekuwa kijana wa miaka 15 wakati wa Maji Maji sasa alikuwa na miaka 77: neno lilimkuta mzee, lakini jambo lenyewe alilijua tangu palizi ya pamba.