Umebadilisha pampu ya maji, gari bado linavuja? Anzia hapa

Na Mwandishi Wetu, Katoro

DEREVA anayebadilisha pampu ya maji hutarajia kuwa tatizo la gari kuchemsha limekwisha. Hata hivyo, si ajabu kesho yake akakuta maji yametuama chini ya gari, akaamini ameuziwa pampu mbovu.

Lawama hiyo mara nyingi huwa ya haraka. Pampu mpya inaweza kuwa na kasoro, lakini uvujaji unaoanza mara tu baada ya matengenezo aghalabu hutokana na namna ilivyofungwa.

Kwa mji kama Katoro, mkoani Geita, ambako michomoko hubeba wafanyabiashara na wachimbaji wa dhahabu, jambo hili si dogo. Gari likilala gereji, mapato ya siku yamepotea. Likiendeshwa bila maji, silinda hedi inaweza kupinda, na gharama yake ni kubwa kuliko ya pampu.

Kwanza ijulikane panapovuja. Injini ikiwa imepoa, fundi hufunga kipimo cha shinikizo kwenye mdomo wa rejeta na kupampu hadi kiwango kilichoandikwa kwenye mfuniko wake, ambacho kwa magari mengi madogo ni karibu bar 0.9 hadi 1.1. Mshale ukishuka, maji yanatoka mahali fulani. Mfuniko usifunguliwe kamwe injini ikiwa ya moto, kwani maji hufoka na kuunguza.

Yakitoka kwenye maungio ya pampu na injini, huenda mabaki ya gasketi ya zamani hayakusafishwa, au boliti zilikazwa upande mmoja kwanza. Boliti hukazwa kidogo kidogo kwa kupishana, kwa nguvu aliyoitaja mtengenezaji. Silikoni nayo isizidi, kwa sababu inayobanduka ndani huweza kuziba njia za maji, na iachwe ikauke kwa muda ulioandikwa kwenye kopo.

Yakitoka kwenye mipira, kagua klipu na ncha za mpira zilizopasuka. Yakidondoka mfululizo kwenye tundu dogo lililo chini ya shafti ya pampu, sili ya ndani imeharibika. Hapo ndipo pampu irudishwe dukani.

Aina ya injini pia ni muhimu. Kwenye 1NZ-FE ya Toyota Probox, pampu huzungushwa na mkanda wa nje na huonekana kwa urahisi. Kwenye 3S-FE ya Noah za zamani, huzungushwa na mkanda wa taimingi ulio nyuma ya kifuniko, hivyo maji yanayovuja huweza kuulowesha na kuuharibu bila dereva kujua.

Kuongeza maji matupu kila asubuhi si tiba. Katika ukanda wa Ziwa Victoria, ulio zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, maji yaliyo wazi huchemka kwenye nyuzijoto 96 hivi badala ya 100. Kulanti, pamoja na mfuniko mzima, huchelewesha kuchemka, na pia hupunguza kutu. Ihifadhiwe mbali na watoto, kwa kuwa nyingi ni sumu.

Baada ya matengenezo, hewa itolewe kwenye mfumo, na kiwango cha maji kikaguliwe kila asubuhi kwa siku chache, kabla ya kuwasha injini. Kikiendelea kushuka bila tone kuonekana chini, gari lirudi kwa fundi kabla ya safari ndefu.