Runtime error 200: kosa lililotangulia mstari wa kwanza

Wandugu, leo nawarudisha nyuma kwenye Turbo Pascal ya Borland. Ilitoka 1983, ikapendwa kwa sababu sehemu ya kuandikia na kompaila vilikaa pamoja kwenye programu moja. Toleo la 5.0 la mwaka 1988 likaongeza dibaga humo humo: unabonyeza F7, programu yako inatembea mstari mmoja mmoja huku ukitazama thamani zinavyobadilika. Kwa wakati ule, raha tupu.

Kisha Pentium II zikaingia sokoni mwaka 1997 (mimi hapo nilikuwa mtoto wa kubebwa mgongoni). Programu zilizofanya kazi miaka na miaka zikaanza kufa pale tu zinapofunguliwa, na ujumbe ni mmoja: Runtime error 200, yaani umegawanya kwa sifuri. Mwenyewe anapekua programu yake akitafuta alama ya kugawanya. Hakuna! Anaweka alama ya kusimama kwenye mstari wa kwanza kabisa. Programu inakufa kabla ya kufika hapo.

Kumbe mchawi alikuwa Crt. Ukiandika "uses Crt" ili upate rangi na amri ya Delay, moduli hiyo hufanya maandalizi yake kabla ya "begin" yako. Ilikuwa inapima kasi ya kompyuta: inazunguka kitanzi kwa mpigo mmoja wa saa ya PC, karibu milisekunde 55, inahesabu mizunguko, halafu inagawanya kwa 55 ili ijue mizunguko ya milisekunde moja. Jibu lilipaswa kutosha kwenye biti 16, lisizidi 65,535. Toleo la 7.0 lilipotoka 1992, hilo lilionekana jingi mno. Mashine mpya zikapita mizunguko milioni 3.6 kwa mpigo mmoja, jibu likafurika.

Sasa sikia uongo wenyewe. Prosesa za ukoo wa 8086 hupiga kengele ileile jibu la kugawanya likifurika na pia ukigawanya kwa sifuri. Turbo Pascal ikasikia kengele, ikasema sifuri. Kigawanyo kilikuwa 55 muda wote! Dibaga siilaumu sana: Crt ilikuja ikiwa imeshakompailiwa, haikuwa na mistari ya kumwonyesha mtu. Ujumbe ndio ulioniudhi.

Waliokuwa na Borland Pascal 7 walipewa msimbo chanzo wa maktaba zake, kwa hiyo waliweza kuirekebisha Crt na kukompaili upya. Lakini mwenye duka aliyebaki na faili ya .exe tu, na fundi aliyeiandika hajulikani aliko? Huyo alitegemea viraka vilivyobadilisha baiti chache ndani ya faili. Kiraka kikibana jibu lisipite 65,535, programu inafunguka vizuri, ila Delay inakuwa fupi kuliko ilivyoandikwa, na mchezo wa nyoka unakimbia kama umefukuzwa na mbwa.