Rangi ya Maji Kwenye Meno

Kuna watoto Butula na Bumala ambao wakicheka tu, unajua wazazi wao walifanya kazi wapi. Meno yao ya mbele yana madoa ya kahawia, na mengine yamechimbika vishimo vidogo kama ukuta wa udongo uliopigwa na mvua. Madoa hayo hawakuyapata hapa. Walizaliwa Naivasha, Gilgil au Nakuru, wakaletwa nyumbani kwa nyanya zao walipofika umri wa shule, na meno hayo wakaja nayo ndani ya ufizi, yakiwa bado hayajaota.

Huku Marachi watu wana maelezo yao. Wengine husema ni uchafu, ati mtoto hasugui. Wengine husema ni damu ya ukoo. Hilo la pili ndilo lililonifanya niitafute historia hii. Mpwa wangu alipokaribia kuolewa upande wa Malaba, swali lililetwa kwetu kwa heshima sana, kupitia mtu wa tatu: je, watoto atakaozaa watakuwa na meno kama yake? Yeye hakubishana na mtu. Aliniambia tu, "Khotsa, nitafutie bei ya zile za kubandika."

Zile za kubandika ni vinia, yaani vigae vyembamba vya kauri vinavyogundishwa mbele ya meno. Lakini kabla ya bei kuna hadithi ya jinsi watu wa huku walivyofika kwenye madoa yenyewe.

Meno yalisomwa huku tangu zamani. Kukhu wangu hakuwa na meno mawili ya chini ya mbele. Yaling'olewa akiwa msichana, kama ilivyokuwa desturi kwa Waluhya wengi, nao majirani zetu Wajaluo waling'oa sita. Wazee walieleza kwamba pengo lilisaidia kumlisha mgonjwa wa pepopunda aliyefunga taya. Pia lilimtambulisha mtu kuwa amekua na ana kwao. Kisha zikaja shule na makanisa, na pengo lililokuwa heshima likaitwa ushamba. Kukhu alizeeka akicheka na kiganja mdomoni, na mpwa wangu hucheka hivyohivyo leo.

Njia ya kwenda Bonde la Ufa nayo ni ya zamani. Kabla ya tarehe 1 Aprili 1902, Naivasha na Marachi zote zilihesabiwa kuwa Uganda. Ni siku hiyo Waingereza walipouhamishia upande huu wa mashariki kwenye himaya iliyokuja kuitwa Kenya. Reli iliyotoka Nakuru ikapitia Eldoret, ikavuka Malaba, na kufika Kampala mwaka 1931. Wanaume wa huku wakaifuata kinyume, kwenda kutafuta kazi kwenye mashamba ya walowezi. Tangu miaka ya 1970 mashamba ya maua yakapanuka kando ya Ziwa Naivasha, na safari hii wanawake nao wakaenda kwa wingi. Walikopanga vyumba ndiko walikozalia, na maji waliyoyakuta kwenye mifereji na visima ndiyo waliyowapikia watoto uji.

Maji hayo yanapita kwenye miamba ya volkano yenye floridi nyingi. Shirika la Afya Duniani linashauri kwamba lita moja ya maji ya kunywa isizidi miligramu 1.5 za floridi, na visima vingi vya Bonde la Ufa huvuka hapo mara kadhaa. Floridi kidogo hulinda meno yasioze. Ikizidi, wakati jino linaumbwa ndani ya taya, enameli yake haikomai vizuri. Inabaki na vitundu vidogo mno chini ya uso. Jino linaota likiwa na weupe wa chaki, halafu miaka inavyopita linanywa rangi na kuwa kahawia. Ndiyo maana mkaa, jivu na limau havisaidii: doa liko ndani, na asidi ya limau inazidi kuila enameli. Mtu aliyekwenda Naivasha akiwa mzima anaweza kunywa maji hayohayo na meno yake yasipate doa hata moja, kwa sababu yalishamaliza kuumbwa. Unaona jinsi mama mwenye meno meupe anavyoweza kulaumiwa kwamba hamsafishi mtoto.

Kujua haya kuliwachukua wataalamu miaka 30. Mwaka 1901 daktari wa meno Frederick McKay alifungua kliniki Colorado Springs, Marekani, akakuta wenyeji wana meno ya kahawia. Huko nako kila mtu alikuwa na maelezo yake. Mwaka 1923 akaitwa mji wa Oakley, jimbo la Idaho, ambako wazazi walisema madoa yalianza baada ya mji kuvuta bomba kutoka chemchemi ya maji ya uvuguvugu. Aliwashauri waachane na bomba hilo, na baada ya miaka michache watoto wadogo wakaota meno safi. Hakuwa amejua bado ni kitu gani kilichokuwa ndani ya maji. Jibu lilipatikana mwaka 1931, pale mkemia H. V. Churchill alipopima maji ya mji wa Bauxite, Arkansas, na kukuta floridi.

Afrika Mashariki pia imo katika kumbukumbu hiyo. Karibu na Arusha kuna mahali panapoitwa Maji ya Chai, kwa rangi ya mto wake, na eneo hilo linajulikana kwa floridi. Mwaka 1978 Wadenmaki Anders Thylstrup na Ole Fejerskov walichapisha kipimo cha kupanga ukali wa madoa haya, kilichotokana na meno ya Watanzania. Madaktari duniani bado wanakitumia.

Vinia vina ukoo mwingine kabisa: sinema. Mwishoni mwa miaka ya 1920 Charles Pincus, daktari wa meno wa California, aliwatengenezea waigizaji wa Hollywood maganda ya meno yaliyoshikwa kwa unga wa kunatisha meno bandia. Kamera ikizimwa, yanavuliwa. Huwezi kula nayo. Kilichokosekana ni gundi. Mwaka 1955 Michael Buonocore alionyesha kwamba enameli ikipakwa asidi ya fosfori inakwaruzika kiasi cha kushika plastiki. Mwaka 1983 Richard Simonsen na John Calamia wakaonyesha kwamba kauri nayo hushika ikikwaruzwa kwa asidi ya hidrofloriki. Asidi hiyo ni ya floridi. Kitu kilekile kilichochafua meno ya mpwa wangu ndicho kinachoiandaa kauri ya kuyafunika.

Niliporudi kwake nilimweleza pia ugumu wa kazi. Jino halisi halina weupe wa sahani. Mwanga unaingia ndani kidogo, na ncha yake hupitisha mwanga zaidi kuliko sehemu ya karibu na ufizi. Fundi mzuri huiga hayo kwa kupanga kauri tabaka kwa tabaka. Lakini kauri nyembamba juu ya jino la kahawia huonyesha ukahawia. Ukiweka tabaka zito la kuziba, jino linakuwa kama limepakwa chokaa. Kwa hiyo daktari mara nyingi huanza kwa kulifanya jino lenyewe liwe jeupe au kulikwangua juujuu, na penye madoa mepesi hiyo peke yake hutosha. Vinia vyenyewe kwa kawaida hudai kupunguza enameli kama nusu milimita, na enameli haioti tena. Vikidumu miaka 10 au 15, vinabadilishwa, na bei ni kwa kila jino.

Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Na mtoto wangu?"

Hilo ndilo swali lenye jibu rahisi kuliko yote. Madoa haya hayarithiwi. Mtoto atakayekunywa maji yasiyo na floridi nyingi atakuwa na meno meupe, hata mama akiwa na madoa ya namna gani. Nilitaka wakwe walisikie hilo kabla ya kuona kauri yoyote, kwa sababu vinia vingelificha jambo na kuliacha swali la damu palepale. Mjumbe akatumwa Malaba na maneno ya Oakley, na mipango ya ndoa ikaendelea.

Vinia sivipingi. Mdomo ni wake, na akipata pesa nitampeleka mwenyewe kwa daktari mwenye leseni. Ila wanaobaki Naivasha ni wengi, na wanaendelea kuzaa. Kule Nakuru, Dayosisi Katoliki imekuwa ikitengeneza vichujio vya mkaa wa mifupa ya ng'ombe vinavyonasa floridi. Kwa mzazi wa Marachi anayefungasha kwenda kutafuta kazi ya maua na mtoto mgongoni, swali la kwanza la kuuliza akifika ni maji ya hapo yamepimwa au la, na kama mvua ikinyesha kuna bati la kukingia.