Kujifunza kupiga picha chini ya bahari: nafasi inashikwa kabla ya tangazo

Tangazo linatoka saa tatu asubuhi: wiki moja ya mafunzo ya kupiga picha chini ya maji, mwalimu anayejulikana, nafasi 10. Wewe unalifungua saa saba mchana na kukuta limeandikwa "zimejaa". Hakuna uchawi hapo, na mara nyingi hakuna hata upendeleo. Waliopata walikuwa wameshajiandaa miezi kabla, wakabaki kusubiri tarehe tu.

Tuelewane neno kwanza. Mtaani "mzamiaji" ni yule anayeingia harusini bila kadi, au aliyejificha melini kwenda Ulaya bila karatasi. Huku Kanda ya Ziwa maana nyingine tuliijua kwa machungu, pale MV Nyerere ilipopinduka karibu na Ukara Septemba 2018 na wazamiaji wakamtoa fundi mmoja akiwa hai baada ya siku mbili. Hapa tunawazungumzia wanaoshuka na mtungi wa hewa mgongoni na kamera mkononi.

Kama uko Kolandoto, Kahama au Geita na umeshaanza kuuza picha za harusi kwa simu au kamera ndogo, usidhani hii ni ya Wazungu peke yao. Inawezekana, ila maandalizi yanaanzia nyumbani.

Kwa nini zinaisha fasta

Chini ya maji mwalimu hawezi kuongea. Anaonyesha kwa mikono, na kazi yenyewe ya kufundisha inafanyika jioni, kila mtu anapofungua picha zake kwenye laptopu na kuambiwa alipokosea. Darasa la watu 40 kwa mtindo huo halipo. Halafu safari nyingi za namna hii ni za kulala ndani ya boti, na vyumba vya boti vinahesabika.

Mfano mzuri ni Alex Mustard, Mwingereza aliyepewa nishani ya MBE mwaka 2018 kwa kazi yake ya picha za chini ya maji. Safari zake za mafunzo kwenye Bahari ya Shamu, upande wa Misri, zinagombewa na watu wa dunia nzima. Kwa waalimu wa kiwango hicho, wateja wa zamani ndio wanaoambiwa kwanza, kisha walio kwenye orodha ya barua pepe. Kinachofika Instagram ni masalia.

Kwa hiyo kumfuata mwalimu Instagram hakutoshi. Jiandikishe kwenye barua pepe zake, na umwandikie kabla hajatangaza chochote. Kitu kifupi tu:

"Ninaomba kuwekwa kwenye orodha ya safari ijayo. Nina cheti cha kuzamia, nimeshazamia mara 12. Ninaweza kusafiri mwezi wowote kati ya Oktoba na Februari. Niko tayari kulala chumba cha wawili."

Sentensi hiyo ya mwisho ina uzito kuliko watu wanavyodhani. Vyumba vya boti kwa kawaida ni vya watu wawili, na mara nyingi hubaki kitanda kimoja ambacho wanandoa hawawezi kukichukua. Mtu anayesafiri peke yake na hachagui wa kulala naye ndiye anayepigiwa simu.

Na "zimejaa" ikitokea, omba orodha ya kusubiri hapohapo. Wengi hujitoa pale salio linapotakiwa, ambayo ni kama miezi miwili au mitatu kabla ya safari. Kipindi hicho usizime simu.

Anza na Mafia

Maoni yangu, usianze na Misri wakati Mafia ipo. Hifadhi ya Bahari ya Kisiwa cha Mafia ilianzishwa 1995, ikiwa ya kwanza ya aina yake Tanzania. Ghuba ya Chole ina matumbawe na kasa, na Watanzania wanalipa kiingilio cha chini kuliko wageni.

Halafu kuna potwe, yaani papa potwe, samaki mkubwa kuliko wote duniani. Anaonekana upande wa Kilindoni hasa kuanzia Oktoba hadi Februari, na huwa anapigwa picha kwa kuogelea juujuu tu: miwani, mrija wa kupumulia na mapezi ya miguuni. Mtungi hauhitajiki, wala cheti. Unachotakiwa ni kujua kuogelea na kutulia.

Picha zake zina kazi nyingine pia. Madoa ya potwe ni kama alama za vidole, hayafanani kati ya mmoja na mwingine. Watafiti wanayatumia kumtambua kila samaki, na wanapokea picha za watalii, hasa za ubavu wa kushoto nyuma ya matamvua. Ukitaka mwongozaji akukumbuke msimu ujao, kaa mbali na mkia, usimguse samaki, na usiwashe flashi.

Aprili na Mei ni masika, na sehemu nyingi za kuzamia hufunga. Usilipie safari ya miezi hiyo eti kwa sababu bei imeshuka.

Cheti, na kifua chako

Kwa safari za mtungi, bila cheti hata jina lako halisogei. Kile cha mwanzo, Open Water cha PADI au cha SSI, kinakuruhusu kushuka hadi mita 18. Cha PADI kina mizamio minne ya baharini, kuogelea mita 200 kwa mtindo wowote na kuelea dakika 10. Safari nyingi za picha zinataka cheti cha pili, Advanced, cha hadi mita 30. Sababu inaeleweka: mtu anayehangaika kujisawazisha majini anavunja matumbawe na kutibua mchanga kwenye picha za wenzake.

Kuogelea jifunzie kwenye bwawa. Ziwa Victoria lipo, lakini kichocho kipo na kuna sehemu zina mamba.

Sasa hili ni la kwetu kabisa. Kabla ya kozi utajaza fomu ya afya, na ukijibu "ndiyo" kwenye maswali ya kifua, masikio au moyo, lazima daktari asaini. Ukanda huu una maelfu ya vijana waliopita kwenye mashimo ya dhahabu na almasi au kwenye kusaga mawe. Vumbi la mawe huharibu mapafu taratibu, na kifua kikuu kinawaandama wachimbaji kuliko watu wengine. Pafu lenye kovu linaweza kunasa hewa, na hewa hiyo hutanuka mzamiaji anapopanda juu. Pafu likipasuka, mtu anaweza kufa palepale.

Usidanganye kwenye fomu eti usikose nafasi. Kapige picha ya kifua kwanza, kisha ndiyo ulipe. Kwa mtu wa Kolandoto hospitali iko hapohapo, na gharama ya kipimo ni ndogo ukilinganisha na malipo ya awali ambayo mara nyingi hayarudishwi.

Wanapopigwa watu

Nafasi chache na haraka ya kulipa ni mchanganyiko ambao matapeli wanaupenda. Mtu anafungua akaunti, anaiba picha za potwe, anaandika "zimebaki 2" na kukupa namba ya simu ya mtu binafsi.

Omba jina la kampuni na ulitafute kwenye mfumo wa BRELA mtandaoni. Kwa Tanzania Bara ulizia leseni ya biashara ya utalii, ile ya TALA. Kwa Zanzibar ulizia usajili wa Kamisheni ya Utalii. Jina linalotokea unapolipa kwa Lipa Namba lifanane na la kampuni, la sivyo acha. Na mwandaaji wa hapa nchini akikung'ang'aniza dola, mkumbushe kwamba kanuni zilizotangazwa Machi 28, 2025 zinakataza huduma za ndani kupangiwa bei au kulipiwa kwa fedha za kigeni.

Kabla ya kutuma hata shilingi, pata majibu kwa maandishi: malipo ya awali yanarudi au hayarudi? Ukiumwa, unaweza kumpa mwenzako nafasi? Na safari isipofikisha watu je? Mwandaaji wa kweli ana majibu tayari. Anayejibu "usijali ndugu yangu" ni wa kukimbia.

Kamera isikuchelewesha

Huhitaji kamera ya mamilioni. Yapo makasha ya kuzuia maji ya kuvalisha simu, na vituo vingine hukodisha kamera. Jua tu kwamba maji yanameza rangi, na nyekundu ndiyo inayotangulia kupotea, ukifika kama mita 5. Ndiyo maana picha za simu hutoka za bluu tupu. Dawa ni taa au flashi, na kusogea karibu sana na unachopiga. Kasha jipya lizamishe kwanza kwenye ndoo bila simu, usiku mzima. Likitoka na tone moja ndani, rudisha dukani. Kumbuka pia kwamba ndege ndogo za kwenda Mafia mara nyingi zinaruhusu mzigo wa kilo 15 tu.

Kurudi Shinyanga

Wengi wetu hatulijui hili. Ukizamia kwa mtungi, naitrojeni inabaki mwilini, na ukipanda mwinuko mapema inatengeneza mapovu kwenye damu na viungo. DAN, taasisi ya kimataifa ya usalama wa wazamiaji, inashauri kusubiri angalau saa 12 baada ya mzamio mmoja na saa 18 baada ya mizamio mingi. Watu husikia hivyo wakafikiria ndege peke yake. Lakini ushauri huo unahusu kuanzia mwinuko wa kama mita 600, na Dodoma na Shinyanga zote ziko juu ya mita 1,000. Treni ya SGR inakutoa Dar na kukufikisha Dodoma chini ya saa nne.

Kwa hiyo njia ya bei nafuu ndiyo salama zaidi: zamia mara ya mwisho asubuhi, lala Mafia, kesho yake panda boti ya Kilindoni hadi Nyamisati, kisha gari hadi Dar. Hapo uko usawa wa bahari muda wote. Ukilala Dar usiku mmoja, basi la Shinyanga la alfajiri unapanda bila wasiwasi. Aliyeogelea na potwe juujuu bila mtungi hahitaji kusubiri.