Ave Africa: Santuri ya Sunburst iliyofufuliwa baada ya miaka 40

AVE AFRICA ndiyo albamu ya pekee ya Sunburst, bendi ya roki ya Dar es Salaam iliyovuma katika miaka ya 1970. Ilitolewa nchini Zambia mwaka wa 1976, kisha ikatoweka madukani kwa miongo kadhaa. Mwaka wa 2016, kampuni ya rekodi ya Strut iliitoa upya, pamoja na nyimbo za kundi hilo za tangu 1973.

Bendi hiyo, iliyokuwa na mwimbaji James Mpungo na mpiga gitaa Hembi Flory Kongo, ilichanganya gitaa la kukwaruza, kinanda na midundo ya Kiafrika, ikiimba kwa Kiswahili na Kiingereza. Miongoni mwa nyimbo zake ni Enzi za Utumwani na Black Is Beautiful.

Haukuwa wakati mwepesi kwa sauti kama hizo. Baada ya Azimio la Arusha la 1967, serikali ilisisitiza utamaduni wa taifa, na mwaka wa 1969 muziki wa soul ukapigwa marufuku Dar es Salaam. Isitoshe, Tanzania haikuwa na kiwanda cha kuchapa santuri. Nyimbo nyingi zilibakia katika kanda za redio tu.

Kanda huchakaa, na wasanii huzeeka. Kazi ya Sunburst imenusurika, lakini kwa juhudi za wageni. Wahenga walionya: mali bila daftari huisha bila habari.