Maji na Safari ya Mafuta Chini ya Ardhi: Historia Fupi ya Wazo

Tangu mwaka 2006, Uganda ilipothibitisha kuwepo kwa mafuta ya kibiashara katika Bonde la Ziwa Albert, walimu wa Kiswahili hawawezi kuikwepa lugha ya taaluma ya petroli. Lakini istilahi nzuri hutokana na kuielewa historia ya dhana yenyewe.

Mwaka 1885, I. C. White, mwanajiolojia wa West Virginia nchini Marekani, alieleza kwamba gesi hukusanyika katika migongo ya matabaka ya miamba yaliyokunjika. Hoja hiyo ilitumika pia kwa mafuta: ni mepesi kuliko maji, basi hupanda mpaka yazuiwe na mwamba usiopenyeka. Visima vingi vilifanikiwa kwa kuifuata nadharia hiyo. Hata hivyo, migongo mingine ilipochimbwa ilikutwa na maji matupu.

Ndipo maji yenyewe yakachunguzwa. Munn mwaka 1909, na John L. Rich mwaka 1921, walidai kwamba maji ya ardhini hutiririka na kuyasukuma mafuta.

Hesabu kamili ilitolewa na M. King Hubbert mwaka 1953. Alionyesha kwamba maji yakitiririka, mpaka kati ya mafuta na maji hauwi bapa, bali huinama kuelekea yaendako maji. Tuseme msongamano wa mafuta ni 0.8 ya ule wa maji, na kiwango cha maji katika visima vya tabaka hilo kinashuka mita 2 kila kilomita. Mpaka huo utainama mita 10 kila kilomita. Ikiwa ubavu wa mgongo upande huo haushuki zaidi ya hapo, mafuta hayatakaa, yatachukuliwa. Gesi, iliyo nyepesi zaidi, yaweza kubaki. Mchimbaji anayelenga kilele tu atayakosa mafuta yaliyosogezwa ubavuni.

Kwa mwanafunzi wa lugha, historia hii imo ndani ya vitenzi. Kwa White, mafuta hupanda. Kwa Munn na Rich, husukumwa. Kwa Hubbert, hupanda na kusukumwa kwa pamoja. Mfasiri akiiita safari hiyo "upandaji wa mafuta", atakuwa ameturudisha mwaka 1885. "Uhamaji wa mafuta" ni istilahi bora, kwani inaziachia nafasi nguvu zote mbili.